Usanifu wa michoro wa kujitegemea: Kazi huvuka mpaka kwa sekunde, malipo husubiri foleni

Bidhaa inayotoka Arusha kwenda Nairobi, au Mwanza kwenda Kampala, hukaguliwa mara mbili. Mara ya kwanza hukaguliwa mpakani na maofisa wa forodha na wa viwango. Mara ya pili hukaguliwa na mnunuzi anayesimama mbele ya rafu ya duka. Katika kaguzi zote mbili, kinachotazamwa kwanza si kilichomo ndani ya kifungashio bali kilichoandikwa juu yake.

Anayeandaa maandishi na picha hizo mara nyingi si mwajiriwa wa kiwanda. Ni msanifu wa michoro anayejitegemea, au mtu wa grafiki kama anavyoitwa mitaani, ambaye anafanya kazi nyumbani au katika kibanda kidogo karibu na wapiga chapa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, River Road jijini Nairobi au Nasser Road jijini Kampala. Kwa kijana mwenye kompyuta hiyo ni njia ya kujiajiri. Kwa mfanyabiashara mdogo asiyeweza kuajiri msanifu kwa mshahara wa kila mwezi, hiyo ni huduma asiyoweza kuikwepa.

Hata hivyo, wengi wanaoingia katika kazi hii hawadumu. Sababu kubwa si kukosa kipaji cha kuchora. Wengi hushindwa kwa kutojua masharti ya bidhaa wanazozichorea, kwa kutaja bei bila hesabu, na kwa kufanya kazi bila makubaliano ya maandishi. Hasara ya makosa hayo haimwangukii msanifu peke yake, bali humfikia mwenye mzigo na mwenye lori pia.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi ya usanifu wa kujitegemea inavyojengwa katika soko la nchi jirani, na mambo ambayo mfanyabiashara na msafirishaji wanapaswa kuyajua kabla ya kumpa mtu kazi.

Soko lilivyofunguka

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutekelezwa Januari 2005. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Itifaki hiyo ya pili ndiyo inayomgusa zaidi msanifu, kwa sababu inazungumzia huduma na watu, si bidhaa pekee. Tangu wakati huo Jumuiya imepanuka. Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, na kufanya idadi ya nchi wanachama kufikia nane.

Huduma ya usanifu ina tabia ambayo wasafirishaji wataiona ngeni. Faili la lebo lililochorwa Moshi hufika kwa mpiga chapa wa Mombasa kwa barua pepe ndani ya sekunde chache, bila lori, bila wakala wa forodha na bila mizani. Lakini lebo hizo zikipigwa chapa Moshi na kupelekwa Mombasa kwa gari, zinakuwa bidhaa. Zitahitaji ankara, tamko la forodha na, kama mwenye mzigo anataka nafuu ya ushuru, cheti cha uasili. Katika orodha ya ushuru lebo za karatasi zina namba yake, 4821, na mifuko ya plastiki ya kufungashia iko chini ya 3923.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo msanifu makini humuuliza mteja wa nchi jirani si rangi anayoipenda. Humuuliza kazi itapigwa chapa wapi. Mara nyingi ni nafuu kutuma faili na kupiga chapa karibu na kiwanda kuliko kusafirisha maboksi ya karatasi kupita Holili au Mutukula.

Kosa la lebo ni hasara ya shehena

Msanifu anayejenga jina katika biashara ya mpakani hujulikana kwa kujua sheria za vifungashio. Kwa vyakula vilivyofungashwa, nchi za Jumuiya zina kiwango cha pamoja cha uwekaji lebo, EAS 38. Kwa ujumla lebo ya chakula inatakiwa kuonyesha jina halisi la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, uzito au ujazo halisi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi ilikotoka, namba ya bachi inayotambulisha fungu la uzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, pamoja na maelekezo ya kuhifadhi. Viambato vinavyoweza kuwadhuru watu wenye mzio, kama karanga, maziwa na soya, lazima vitajwe.

Chukua mfano wa mzalishaji wa siagi ya karanga aliyepiga chapa lebo 20,000 bila nafasi ya namba ya bachi. Lebo inavutia, lakini haifai. Atalazimika kubandika stika juu yake moja moja kwa mkono, au kutupa zote na kupiga chapa upya. Ikiwa mzigo tayari uko mpakani, gari linasubiri na gharama za kusubiri zinaongezeka kila siku.

Umuhimu wa namba ya bachi ulionekana wazi Machi 2021, Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lilipoondolewa, waagizaji walitakiwa kujisajili, kueleza maghala ya mahindi yao yalipo, na kuwa na cheti kinachothibitisha kiwango cha sumukuvu. Tangu hapo mfanyabiashara wa nafaka na bidhaa zake anajua kwamba kuweza kufuatilia mzigo hadi ulikotoka ni sehemu ya biashara. Kifungashio ndicho kinachobeba kumbukumbu hiyo.

Msanifu mzoefu huacha kisanduku cheupe, kisicho na picha wala mng'aro, ili mashine ya kiwandani iweze kupiga tarehe na namba ya bachi bila wino kufutika. Kwa maji, juisi na vinywaji vingine vinavyotakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki, huhakikisha kwanza stempu inakaa wapi, isije ikafunika tarehe. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina mfumo wa stempu hizo.

Aina ya kifungashio nayo ina sheria zake. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Marufuku hizo zililenga hasa mifuko ya kubebea, na vifungashio vya kiwandani vina masharti yake. Msanifu anayechora mfuko bila kuuliza utatengenezwa kwa malighafi gani anamwandalia mteja wake matatizo.

Alama za ubora za TBS, KEBS, UNBS na RSB haziwekwi kama pambo. Huwekwa pale tu mzalishaji anapokuwa na leseni ya kuitumia alama hiyo. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango na uhakiki wa ubora imeweka msingi wa nchi wanachama kutambua alama za wenzao. Ndiyo maana alama halali ya nchi moja ina thamani ya kibiashara katika nchi ya pili, na alama ya kughushi ni kosa zito.

Barkodi si pambo

Eneo jingine linalowatenganisha wasanifu wazoefu na wanaojaribu ni barkodi. Namba yake haibuniwi na msanifu. Hutolewa na shirika la GS1 la nchi husika baada ya mzalishaji kujisajili. Namba zinazotolewa na GS1 Kenya huanza na 616, na za GS1 Tanzania huanza na 620. Tarakimu hizo huonyesha namba ilitolewa wapi, si lazima zionyeshe bidhaa ilikotengenezwa.

Kazi ya msanifu ni kuichora barkodi iweze kusomeka. Ukubwa wa kawaida wa barkodi ya tarakimu 13 ni karibu milimita 37 kwa 26, na haishauriwi kupunguzwa chini ya asilimia 80 ya ukubwa huo. Pembeni lazima pabaki nafasi tupu. Mistari iwe ya rangi nzito juu ya rangi nyepesi. Mistari myekundu haifai, kwa kuwa mashine nyingi za dukani hutumia mwanga mwekundu na haziwezi kuitofautisha na weupe wa nyuma yake. Bidhaa isiyosomeka kaunta hurudishwa, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Lugha moja, maneno tofauti

Kiswahili huvuka mpaka, lakini maneno ya sokoni hubadilika. Mnunuzi wa Tanzania husema karanga, na kwake njugu humkumbusha njugu mawe. Mnunuzi wa Kenya husema njugu, au njugu karanga. Mfuko wa unga ulioandikwa sembe au dona unaeleweka mara moja Dodoma, lakini Kisumu au Nakuru huenda ukahitaji maelezo ya ziada. Uganda sehemu kubwa ya lebo husomwa kwa Kiingereza, na Burundi na Kongo Kifaransa kina nafasi yake.

Msanifu anayejua tofauti hizo humshauri mteja mapema kama lebo moja itatosha masoko mawili, au zinahitajika mbili. Kupanga nafasi ya lugha mbili tangu mwanzo ni nafuu kuliko kubandika stika ya tafsiri baadaye.

Wasafirishaji nao ni wateja wakubwa wa kazi hii. Jina la kampuni kwenye mlango wa lori, maandishi ya turubai, vitabu vya hati za kupokelea mzigo, ankara na sare za madereva vyote hupita kwa msanifu. Hapa pia kuna masharti. Magari yanayobeba mizigo ya kupita nchi kwa nchi hutakiwa kuwa na maandishi TRANSIT GOODS yanayoonekana wazi. Mchoro wa kupamba ubavu wa tela haupaswi kuyameza maandishi hayo wala kufunika viakisi mwanga.

Bei inavyopangwa

Malalamiko ya kawaida ya wateja ni kwamba mtu mmoja anataka shilingi 40,000 kwa lebo, mwingine 400,000, na kazi ni ileile. Kiuchumi, mwenye bei ndogo mara nyingi hajahesabu gharama zake.

Tuseme msanifu wa Tanzania anahitaji shilingi 900,000 kwa mwezi kwa matumizi ya nyumbani. Umeme, intaneti, programu, nauli na matengenezo ya kompyuta vinachukua 350,000. Akiba ya kodi na ya kununua kompyuta nyingine hapo baadaye ni 250,000. Jumla ni shilingi 1,500,000. Mwezi una siku za kazi kama 22, lakini siku zote haziuzwi. Nyingine huenda kutafuta wateja, kufuatilia malipo na kurekebisha kazi za zamani. Akiuza siku 12, kila siku inapaswa kumwingizia shilingi 125,000. Lebo inayochukua siku tatu, pamoja na marekebisho, itagharimu 375,000.

Akichukua shilingi 40,000 kwa lebo, anahitaji kumaliza lebo 38 kwa mwezi ili kufikia kiasi hicho. Hiyo ni zaidi ya moja kila siku. Hawezi kusoma kiwango cha EAS 38 wala kupima barkodi kwa mwendo huo. Atanakili mchoro wa mtu mwingine na kubadilisha jina.

Kwa upande wa mfanyabiashara, gharama ya usanifu hulipwa mara moja na kugawanywa kwa pakiti zote. Shilingi 375,000 kwa pakiti 10,000 ni shilingi 37.50 kwa kila pakiti. Kwa pakiti 50,000 ni shilingi 7.50. Kinachoumiza zaidi mfuko wake ni kurudia kupiga chapa, maana hapo hulipia karatasi, wino na muda wa mashine upya.

Makubaliano ya maandishi

Msafirishaji yeyote anajua kwamba mzigo hautolewi bandarini bila hati zake. Mwenye meli hushikilia shehena hadi bili ya shehena iwasilishwe na malipo yakamilike. Kwa msanifu, hati ya namna hiyo ni faili halisi la kazi. Akilitoa kabla ya kulipwa, hana kitu kingine cha kushikilia, hasa mteja anapokuwa ng'ambo ya mpaka na fedha inayodaiwa ni ndogo kuliko gharama ya kufungua kesi.

Utaratibu unaotumiwa na wengi wenye uzoefu ni kulipwa kwa hatua. Kwa kazi ya 375,000, asilimia 50, yaani 187,500, hulipwa kabla ya kuanza. Asilimia 30, yaani 112,500, hulipwa mteja anapoukubali mchoro. Asilimia 20 iliyobaki, 75,000, hulipwa kabla ya kukabidhiwa faili za kupigia chapa. Mpaka hapo mteja huonyeshwa picha ndogo yenye alama ya msanifu juu yake, inayotosha kuamua lakini haitoshi kupiga chapa.

Karatasi ya makubaliano haihitaji kuwa ndefu. Ukurasa mmoja unatosha ikiwa unataja kazi yenyewe, idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei (mara nyingi mawili au matatu), bei ya kila marekebisho ya ziada, tarehe ya kukabidhi, sarafu ya malipo, na atakayesahihisha maandishi kabla ya kupiga chapa. Jambo hilo la mwisho ndilo huleta ugomvi. Mteja akisaini nakala ya mwisho, kosa la uzito au anwani linakuwa lake. Asiposaini, kila mmoja atamtupia mwenzake lawama.

Sarafu lazima itajwe kwa jina kamili. Kenya, Tanzania, Uganda na Somalia zote hutumia neno shilingi, na shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya shilingi kumi za Tanzania. Ankara iliyoandikwa shilingi 20,000 bila jina la nchi ni mwanzo wa mzozo. Aidha, kanuni zilizotolewa Tanzania Machi 2025 zilipiga marufuku kutaja au kulipia kwa fedha za kigeni bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi. Msanifu aliyezoea kumtajia mteja wa Dar es Salaam bei kwa dola anapaswa kubadili ankara zake.

Malipo na kodi

Njia za kutuma fedha zimekuwa nyepesi kuliko zamani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2015 watumiaji wa nchi hizo mbili waliwezeshwa kutumiana fedha moja kwa moja. Kwa benki, Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, ulianza kazi mwaka 2013 ili kuziwezesha benki za nchi wanachama kulipana kwa sarafu zao. Kabla ya kutaja bei, msanifu ahakikishe nani analipa gharama ya kutuma na ni kiwango gani cha kubadilisha fedha kitatumika.

Jambo linalowashangaza wengi ni kodi ya zuio. Mfanyabiashara anapomlipa mtoa huduma wa nje, sheria humtaka akate sehemu ya malipo na kuipeleka mamlaka ya mapato ya nchi yake. Tanzania, kiwango kwa ada za huduma ni asilimia 15 kwa asiye mkazi na asilimia 5 kwa mkazi. Kenya imekuwa ikitoza asilimia 20 kwa ada za kitaalamu zinazolipwa kwa asiye mkazi, na asilimia 15 kwa ada za ushauri zinazolipwa kwa raia wa nchi za Jumuiya.

Kwa ankara ya shilingi za Kenya 20,000 inayokatwa asilimia 15, msanifu atapokea 17,000. Zile 3,000 hazijaibiwa. Lakini aombe cheti cha makato, kwa sababu ndicho kitakachomsaidia kueleza hesabu zake kwa mamlaka ya mapato ya kwao. Mkataba wa nchi za Jumuiya wa kuzuia kutoza kodi mara mbili ulisainiwa mwaka 2010, lakini kwa miaka mingi ulikwama kwenye hatua ya kuridhiwa. Kwa hiyo bei ya mteja wa nje inapaswa kupangwa huku makato yakizingatiwa tangu mwanzo.

Viwango hubadilika na sheria za fedha za kila mwaka, hivyo ni vema kuvithibitisha kila Julai, bajeti mpya inapoanza kutumika.

Nani mwenye mchoro

Mfanyabiashara huamini kwamba akishalipa, mchoro ni wake. Sheria haziko hivyo kila mahali. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaichukulia kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama wahusika wamekubaliana vingine. Haifai kudhani kwamba sheria ya kila nchi jirani inasema vivyo hivyo. Njia salama ni kuandika sentensi moja katika makubaliano: haki zote za mchoro zitahamia kwa mteja siku atakapokamilisha malipo.

Hakimiliki ya mchoro ni tofauti na usajili wa alama ya biashara. Alama iliyosajiliwa BRELA inalindwa Tanzania Bara. Kwa Zanzibar usajili hufanywa na BPRA, kwa Kenya KIPI na kwa Uganda URSB. Mfanyabiashara anayeuza Unguja, Mombasa na Kampala kwa cheti cha BRELA pekee anaweza kukuta jina lake limesajiliwa na mtu mwingine kihalali. Msanifu mwangalifu humshauri mteja apekue majina katika nchi anazolenga kabla ya kuchora nembo, maana kubadilisha jina baada ya mifuko kupigwa chapa ni gharama kubwa.

Picha na herufi nazo zina wenyewe. Picha ya shamba iliyochukuliwa kwenye intaneti inaweza kuleta madai baada ya bidhaa kufika sokoni. Picha iliyopigwa kwa simu nzuri katika shamba la mteja mwenyewe ni salama zaidi, na huiuza bidhaa kwa ukweli.

Vifaa na namna ya kuanza

Kuanza hakuhitaji mtaji mkubwa. Kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha, intaneti na programu vinatosha. Wasiomudu Adobe Illustrator au CorelDRAW wanaweza kuanza na programu za bure kama Inkscape, GIMP na Scribus. Programu za wizi zinaonekana rahisi, lakini mara nyingi huja na virusi vinavyoharibu kazi za wateja.

Faili la kupigia chapa lina kanuni zake. Nembo ichorwe kwa mistari inayoweza kukuzwa bila kupoteza ubora, ili iliyo kwenye kizibo cha chupa iweze pia kukaa ubavuni mwa lori. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi. Rangi ziandaliwe kwa mfumo wa wino nne wa mashine ya chapa, kwa sababu rangi za kioo cha kompyuta hung'aa kuliko wino. Mchoro uzidi ukingo kwa milimita 3 kila upande ili kisu kisiache mstari mweupe. Kabla ya kuidhinisha maelfu, sampuli moja ipigwe chapa na kubandikwa kwenye chupa au mfuko halisi.

Wateja wa kwanza hupatikana karibu. Msanifu anayechagua aina moja ya bidhaa, kwa mfano asali, unga au viungo, na kuijua vizuri, hujulikana haraka kuliko anayefanya kila kitu. Wapiga chapa ni wapatanishi wazuri, kwani hupokea faili mbovu kila siku na wanafurahi kumpata mtu anayeleta faili safi. Maonyesho ya Sabasaba na Nanenane pia huwakutanisha wazalishaji wadogo wengi mahali pamoja. Mitandao kama Upwork na Fiverr ina wateja wa mbali, lakini ushindani wake ni wa dunia nzima na mtandao huchukua sehemu yake ya malipo.

Ujio wa Canva mwaka 2013, na wa programu za akili bandia zinazochora picha kuanzia mwaka 2022, umeshusha bei ya nembo rahisi na matangazo ya mitandaoni. Mwenye duka sasa anaweza kujitengenezea mwenyewe. Lakini programu hiyo haitawajibika mzigo ukizuiwa Sirari, wala haitakwenda kwa mpiga chapa kukagua wino. Sehemu ya kazi inayobaki na bei ni ile inayohitaji mtu wa kuulizwa.

Mambo ya kumpa msanifu

Mfanyabiashara anayetaka kazi ya haraka na isiyo na marudio anashauriwa kuandaa yafuatayo kabla ya kumpigia simu msanifu:

- Nchi zote ambako bidhaa itauzwa, si ile ya kwanza pekee.
- Vipimo halisi vya chupa, kopo au mfuko, na jina la mpiga chapa.
- Orodha ya viambato na uzito halisi, iliyothibitishwa na mtaalamu wa kiwanda.
- Cheti cha usajili wa jina, namba ya barkodi na leseni ya alama ya ubora, kama zipo.
- Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Kazi yenye waamuzi watano haimaliziki.
- Malipo ya awali.

Msanifu naye, akipewa hayo, hana kisingizio cha kuchelewa. Kwa kazi yenye mpaka katikati, asiyemfahamu mteja wake ana dhamana mbili tu: karatasi waliyosaini wote wawili, na faili ambalo bado hajalitoa.